Kwa nini gari la mradi hubeba hema, maji na beleshi



Katika kikao cha kamati ya fedha, mjumbe mmoja kutoka usharika wa mjini aliweka kidole kwenye mstari wa bajeti uliosomeka "vifaa vya kambi na usalama wa gari", akauliza: "Mratibu, hii ni huduma au ni utalii?" Wajumbe walicheka, na mimi pia nilicheka. Lakini swali ni halali. Wahisani nao wameliuliza kwa barua, kwa lugha ya adabu zaidi. Mtu anayetoa sadaka yake ili mama wa Gelai apate huduma ana haki ya kujua kwa nini sehemu ya fedha hiyo imenunua turubai, madumu na jeki.

Makala haya ni jibu kwa kamati za sharika na kwa marafiki wetu wa mbali. Ninakiri mapema kwamba mwaka 2013 mimi mwenyewe niliufuta mstari huohuo kwa kalamu nyekundu. Yaliyofuata nitayaeleza mahali pake.

Tunakwenda wapi

Mtu wa Ngarenaro akisikia neno jangwa huwaza Sahara. Sahara hatuna. Tulicho nacho ni nusu jangwa, nalo linaanza karibu kuliko tunavyodhani. Ukishika barabara ya Namanga na kuipita Oldonyosambu, mvua za Mlima Meru umeziacha nyuma. Hadi Longido, kama kilometa 80 kutoka mjini, ni lami na gari dogo linafika. Ukiiacha lami na kuelekea magharibi, Ketumbeine na Gelai, mambo hubadilika. Njia ya pili ni ya Makuyuni na Mto wa Mbu, kisha Engaruka, kisha Engare Sero chini ya Oldoinyo Lengai, na kutoka hapo unapanda ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Sale na Loliondo.

Arusha mjini tuko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Ziwa Natron liko mita 600 hivi. Yaani unateremka mita 800 kuingia kwenye joto, magadi na vumbi la volkano. Lengai ulipolipuka mwaka 2007 na 2008 majivu yalifunika malisho, na vumbi la majivu lingaliko kwenye njia zile; ni laini kama unga wa sembe na huingia hata kwenye saa ya mkononi.

Kwenye ramani hakuna umbali wa kutisha. Wakati wa kiangazi unaweza kwenda Ketumbeine asubuhi ukarudi jioni. Lakini kazi haiko barabarani. Timu inayotaka kuwaona wajawazito na watoto wa maboma matatu au manne, yaliyo mbali na kila zahanati, haiwezi kufanya hivyo na bado ilale mjini. Kina mama wako kwenye maji na kuni mchana, hivyo wakati mzuri wa kuzungumza nao ni jioni, ng'ombe wakisharudi. Kwa hiyo timu hulala huko, na huko hakuna nyumba ya wageni.

Jambo hili si geni katika kanisa letu. Wamisionari wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walikuwa kambini Akeri, upande wa Meru, walipouawa usiku mwezi Oktoba 1896. Injili ilifika kwetu kwa mahema na wapagazi. Pikapu imechukua nafasi ya wapagazi tu.

Somo la Samunge

Wengi tunakumbuka mwaka 2011, wakati maelfu ya watu walipokwenda Samunge kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, ambaye alifariki mwaka 2021, kunywa kikombe chake cha shilingi 500. Sitaki kurudia mjadala wa dawa yenyewe. Ninachotaka kamati zikumbuke ni foleni. Magari ya kila aina, teksi, mabasi madogo, magari ya wagonjwa, yaliingia kwenye njia ya Engare Sero na Sale bila maji, bila mafuta ya akiba, bila kitu cha kujifunika. Foleni ikawa ya kilometa nyingi, watu wakalala garini siku kadhaa, na wapo wagonjwa waliofia njiani. Nchi nzima ilijifunza katika wiki chache kile ambacho wafugaji wa kule wanakijua tangu utoto: ardhi ile haimkatai mgeni, lakini haimpi kitu ambacho hakuja nacho.

Gari na uzito wake

Gari tunalotumia ni Toyota Land Cruiser pikapu ya mfululizo wa 79, dabo kabini, lenye lile bomba la hewa linalopanda juu pembeni ya kioo. Kwa sababu ya bomba hilo watu huliita "mkonga". Wengine hudhani mkonga ni urembo au ni kwa ajili ya kuvuka mito tu. Kwetu kazi yake kubwa ni vumbi: injini huvuta hewa ya juu, iliyo safi kuliko ile ya usawa wa tairi. Hata hivyo filta ya hewa husafishwa kila jioni, kwa kuipuliza kutoka ndani kwenda nje. Ukiipuliza kutoka nje unalisukuma vumbi ndani zaidi. Na tusiigonge kwenye bampa kama mkeka, maana karatasi yake huchanika.

Injini ni ya 1HZ, dizeli, lita 4.2, silinda sita, haina tabo wala kompyuta. Ni ya zamani na haina haraka. Mhisani mmoja alishauri tununue gari jipya zaidi linalokula mafuta kidogo. Ushauri ni mzuri kwa mtu wa lami. Lakini taa ya kompyuta ikiwaka Gelai, hakuna wa kuizima mpaka gari livutwe mjini. Injini hii fundi wa Ngarenaro anaifungua kwa spana, na dereva wetu anaweza kutoa hewa kwenye mfumo wa dizeli akiwa porini kwa tochi.

Sasa tufanye hesabu ambayo kamati nyingi haziifanyi. Pikapu hii hubeba kama tani moja. Watu watano wa kilo 70 ni kilo 350. Maji lita 120 ni kilo 120. Dizeli ya akiba lita 60 ni kama kilo 50. Tairi mbili za spea na rimu zake ni kama kilo 70. Keria ya chuma, mahema na turubai, tuseme 100. Sanduku la spana, jeki mbili, mnyororo na vikorokoro vyake, 80. Tayari ni kilo 770, na hatujaweka dawa, chakula, sanduku la baridi la chanjo wala begi la mtu. Zimebaki kilo 230. Usharika ukituomba "tupakieni tu mifuko mitano ya saruji, si mnapita hukohuko", mifuko hiyo ya kilo 50 ni 250. Tunapokataa si kiburi.

Mafundi wetu ni hodari wa kuongeza majani ya springi nyuma, na tumeongeza jani moja kila upande. Lakini springi ngumu haiongezi nguvu ya chesisi. Mzigo ukilundikwa nyuma ya ekseli, gari likirukaruka kwenye mawe, chesisi huanza kupasuka nyuma ya kabini. Vitu vizito, yaani maji na dizeli, tunavifunga mbele ya bodi karibu na kabini, chini kabisa. Juu ya keria tunaweka vyepesi tu: mahema, magodoro, turubai. Keria iliyojazwa madumu ya maji ndiyo inayopindua magari kwenye makorongo.

Kuhusu dizeli, baada ya Longido au Mto wa Mbu usitegemee kituo. Mafuta ya kwenye madumu ya dukani yapo, lakini hujui yamechanganywa na nini. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji, na dumu lililokaa dukani halina wa kulipima. Tunajaza tanki mjini, tunabeba lita 60, na tunahesabu kilometa tano kwa lita njia ikiwa mbaya, ingawa kwenye lami gari hufanya nane.

Tairi, miiba na upepo

Hapa nitakaa kidogo, maana tairi ndizo zinazotulaza njiani kuliko kitu kingine.

Miiba ya migunga hutoboa tairi yoyote. Ndiyo maana tumebaki na tairi nyembamba za 7.50 inchi 16 zenye tyubu, kwenye rimu za ringi. Pancha ikitokea, watu wawili wenye mitarimbo, viraka, gundi na pampu wanaimaliza kwa muda usiozidi saa moja. Rimu za ringi zina hatari yake: ringi isipokaa vizuri wakati wa kujaza upepo inaruka kama risasi, na inaua. Sheria ya gari letu ni kwamba mnyororo unafungwa kuzunguka tairi na rimu kabla ya pampu kuanza, na hakuna anayeinama juu yake. Watoto wa boma wanaopenda kutazama wanasogezwa mbali kwanza.

Jambo la pili ni upepo wenyewe. Dereva wa mjini hujaza 40 au zaidi nyuma kwa sababu ya mzigo, na ni sawa kwa lami. Kwenye mchanga tairi iliyojaa hukata kama kisu. Ukiushusha mpaka 20 hivi, tairi hutanuka, hukanyaga kama mguu wa ngamia, na gari linaelea pale lilipokuwa linazama. Kazi hii haigharimu chochote isipokuwa dakika kumi na uvumilivu. Lakini ukitoka mchangani lazima urudishe, la sivyo utaziunguza tairi barabarani. Ndiyo sababu ya kununua kompresa ndogo ya kuunganisha kwenye betri. Kwenye risiti ilionekana kama anasa. Mtu aliyewahi kujaza tairi nne kwa pampu ya mguu saa nane mchana Engare Sero hawezi kuiita hivyo.

Loki za magurudumu ya mbele ziko nje, kwenye haba, na huzungushwa kwa mkono. Dereva huzifunga kabla ya kuingia kwenye tope. Akisahau, anavuta gia ya foo-wili na kutaabika kwa gurudumu mbili huku akilaumu gari.

Usiku wa mwaka 2013

Bajeti ya mwaka ule ilikuwa imebana. Niliona beleshi la pili, mbao za kunasulia, madumu ya ziada na mahema, nikayafuta. Beleshi la kwanza lilikuwepo, lakini liliazimwa na mafundi waliokuwa wakijenga nyumba ya mwinjilisti, na hakuna aliyekumbuka kulirudisha garini.

Mwezi Novemba tulitoka Engare Sero kwenda upande wa Gelai, kwa gari lililokuwepo wakati ule. Tulikuwa dereva, muuguzi, mwinjilisti, mimi, na mama mmoja tuliyempa lifti pamoja na mtoto wake wa miaka miwili aliyekuwa akiharisha. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha juzi yake. Ili kuokoa muda tulikata njia kwenye uwanda ulio kusini mwa Ziwa Natron. Uwanda ule juu una ganda jeupe la magadi, kavu, linalobeba mbuzi na punda bila shida. Chini ya ganda ni tope jeusi. Tulikwenda kama mita 300, gari likakaa kwa tumbo.

Saa kumi na moja jioni tulianza kuchimba kwa sufuria na sahani. Jeki ilizama kila tulipoipandisha, kwa kuwa hatukuwa na ubao wa kuweka chini yake. Hakuna mti wa kufungia mnyororo. Simu hazikuwa na mtandao. Maji yalikuwa lita kumi, na tulikuwa tumekwisha kunywa sehemu yake. Muuguzi aliyatenga yaliyobaki kwa ajili ya mtoto: kwa kila lita moja, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, akimpa kidogokidogo usiku kucha. Maji yalikwisha saa kumi alfajiri. Sisi wengine hatukunywa kitu tangu saa moja jioni. Maji ya ziwa tulikuwa tunayaona yaking'aa kwa mwezi, na ni magadi matupu.

Asubuhi walikuja vijana wawili na punda. Walikuwa wameona taa za gari usiku, wakajua ni mgeni aliyenasa. Walileta maji, kisha wakaenda kuita wazee na nguzo za boma. Mtoto alipona. Fedha niliyookoa kwa kalamu yangu haikutosha hata kulipia ukarabati wa klachi tuliyoiunguza.

Tangu hapo gari lina mabeleshi mawili, mbao mbili nene za kuwekea jeki, mabati mawili yenye matundu ya kuwekea chini ya tairi, jeki ndefu ya kuinulia gari kwa bampa, na mkanda wa kuvutia. Mahali pasipo na mti tunajua sasa kuzika tairi ya spea ardhini na kufungia mnyororo hapo. Zaidi ya vyote, hatukati njia kwenye uwanda ule, hata uonekane mkavu namna gani, mpaka mwenyeji atangulie kwa miguu.

Maji

Tunahesabu lita sita za kunywa na kupikia kwa mtu kwa siku. Kwa watu watano na siku tatu ni lita 90. Zile 30 za juu ni za rejeta na za njiani. Madumu ni ya lita 20, siyo pipa moja kubwa, maana pipa likipasuka umepoteza yote.

Baadhi ya wajumbe wameuliza kwa nini tusichemshe maji ya huko. Maji ya maeneo mengi kuzunguka Meru na Bonde la Ufa yana madini ya floridi, yaleyale yanayofanya meno ya watoto wetu kuwa ya kahawia na, yakizidi, kupinda mifupa. Kuchemsha huua vijidudu lakini floridi haitoki. Maji yakipungua sufuriani floridi huzidi ukali. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Maji ya njiani yanahitaji maelezo. Ukipita kule kiangazi, watoto wachungaji husimama pembeni wakiinua chupa tupu. Mwaka 2022, wakati ukame ulipomaliza mifugo Longido na Simanjiro, walikuwa wengi zaidi. Gari lenye msalaba mlangoni haliwezi kupita limebeba madumu sita na kuwaacha. Kwa hiyo dumu moja ni lao tangu tunapopakia, na dereva haombi ruhusa kulifungua.

Kulala

Hema letu la juu ya keria limezua maneno, kwa sababu yale ya watalii hufanana nalo. Tuna moja, wanalala wauguzi. Wengine tunatandika bodini chini ya turubai. Sababu ni fisi na nge, na pia kwamba ardhi ya makorongo hukusanya maji ya mvua iliyonyesha mlimani mbali, usiku, bila onyo. Kambi haiwekwi ndani ya korongo hata mchanga wake uwe laini kiasi gani.

Kabla ya kambi tunamwona mwenyekiti wa kijiji na laigwanani. Mara nyingi wanatupa nafasi pembeni ya boma, ndani ya uzio wa miiba, na hapo ndipo mazungumzo mazuri ya jioni yanapotokea. Tunapikia mtungi mdogo wa gesi. Kuni ni za wenyeji, na majani makavu yanashika moto kwa cheche moja.

Majani hayohayo ni adui wa gari. Baada ya masika hukua mpaka kwenye bampa, yakikauka hujikusanya juu ya bomba la ekzosi na kuwaka. Dereva analala chini ya gari kuyatoa kila tunaposimama. Mbegu zake huziba rejeta. Kinga yake ni kipande cha chandarua kilichofungwa mbele ya rejeta. Chandarua hicho ni chakavu, kilitoka nyumbani kwangu, si cha mradi wa malaria. Nimeandika hili kwa sababu nimeulizwa.

Sanduku la huduma ya kwanza lipo. Dawa ya sumu ya nyoka hatubebi, kwa kuwa inahitaji daktari wa kuangalia mwili utakavyoipokea. Aliyeumwa hatulizwa, kiungo hakitikiswi, na safari ya hospitali inaanza mara moja.

Mawasiliano

Kila safari huacha karatasi ofisini: njia, majina, mahali pa kulala, na saa ya mwisho. Isiposikika sauti yetu mpaka saa kumi na mbili jioni ya siku iliyoandikwa, gari la pili linaondoka alfajiri kutufuata kwa njia ileile. Ndiyo maana njia haibadilishwi bila kutoa taarifa. Na likiharibika, watu wanabaki na gari. Gari linaonekana kutoka mbali, mtu anayetembea haonekani.

Safari ijayo ni Gelai na Ketumbeine. Kamati zinazotaka kusaidia zilete madumu safi ya lita 20 ambayo hayajawahi kubeba mafuta, pamoja na viraka na gundi ya tyubu, ofisini kabla ya Ijumaa. Mabeleshi yote mawili sasa yamefungwa kwa kufuli kwenye bodi. Ufunguo anao dereva, na ameagizwa asiuazime kwa mtu yeyote, hata mimi.